Dada Funguo na Mlango wa Kijani

Ijumaa hii, saa kumi kamili alasiri, Dada Funguo atafunga mlango wa kituo chetu kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kazi na miaka sitini ya umri, na barua aliyoandikiwa inasema ni wakati wa kupumzika. Waandaaji wa sherehe walikuwa wameandika "saa kumi hivi". Karani, mdogo wake wa kiume, aliikataa ratiba hiyo mpaka neno "hivi" lilipofutwa, ndiyo maana karatasi mnayoishika imechapwa mara mbili.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimeangushiwa mimi, mpishi wa kituo. Nilijitetea kwamba kalamu niliyozoea ni mwiko, nikaambiwa kwamba wengine wote watalia kabla ya kufika ukurasa wa pili. Basi nitajitahidi, na ninyi mnivumilie.

Dada Funguo aliajiriwa kama mhudumu katika ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kufungua vyumba kabla wakubwa hawajafika. Haikupita miezi mitatu akawa anajua kitasa kipi kinataka kuinuliwa kidogo na kipi kinataka kubembelezwa, akakabidhiwa funguo zote za jengo. Kila ufunguo aliuvika uzi wa sufu wa rangi yake. Wenzake walidhani ni urembo, wakamtania kwamba amezifumia funguo masweta. Ukweli ni kwamba nyumbani alikuwa na mdogo wake aliyeziba masikio kila aliposikia zikigongana, na asiyetoka chumbani hadi zifichwe ndani ya sufuria yenye mfuniko.

Karani ana usonji. Siku hizi neno hilo linasemwa hata redioni. Wakati ule majirani walikuwa na maneno mengine, na mimi siyatii kwenye karatasi hii. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa amerudishwa nyumbani na shule mbili na karakana moja, akawa anashinda kitandani akihesabu mistari ya bati. Wazazi walikuwa wamefariki, amebaki dada peke yake. Dada alijua kumlisha na kumvisha. Kilichomkosesha raha ni kwamba hapakuwa na mahali popote nje ya nyumba ile ambapo mdogo wake angeweza kuingia, akakaa, na asiambiwe aondoke.

Katika mwaka wake wa nne kazini alipiga moyo konde, akagonga mlango wa mkuu wa ofisi, akaomba ukumbi mdogo uliokuwa ukifungwa siku za Jumamosi. Mkuu alimkubalia, kwa muda. Jumamosi ya kwanza walikuja watu saba pamoja na ndugu zao, akiwemo binti wa fundi cherehani ambaye hakuwa akisema neno lakini alijua kupanga vifungo kwa rangi kuliko baba yake. Karani alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa kijani wa ukumbi ule. Alimtaka kila mtu abishe hodi mara tatu, kisha akaandika kwenye daftari jina lake na dakika aliyoingia. Mstari wa kwanza aliandika "Dada", kwa kuwa ndiye aliyefungua. Ndivyo Karani alivyopata jina, na ndiyo sababu hata wazee wenye mvi kichwa kizima humwita bibi huyu Dada.

"Kwa muda" ilikuja kuwa kauli aliyoichukia kuliko matusi. Katika miaka kumi na minne kikundi kilihamishwa mara nane. Kilikaa katika ukumbi, stoo ya madawati, baraza ya maktaba, darasa lililovuja, na kwingineko ambako hata Dada mwenyewe hupenda kukuruka akisimulia. Kila mara barua ilikuwa na lugha ya upole, na kila mara iliumiza. Mtu mwingine akihamishwa hulalamika wiki moja, akazoea. Kwetu sisi binti wa fundi cherehani alikaa siku tatu bila kula. Kijana mmoja aliyekuwa akituimbia vizuri sana hakuweza kabisa kukubali chumba cha nne, akaacha kuja, na hakurudi tena. Dada bado ana kikombe chake. Kimekaa kwenye kabati langu la jikoni, na nimekatazwa kukitumia.

Karani naye aligoma mapema. Kwenye chumba cha tatu alisimama nje Jumamosi mbili mfululizo, jua linampiga, akitazama mlango wa bati aliouona kwa mara ya kwanza. Wakati huo ukumbi wa mwanzo ulikuwa unakarabatiwa na mlango wake wa kijani umetupwa nyuma ya jengo pamoja na vifusi. Dada aliuomba, akaubeba yeye na fundi seremala mmoja, wakaufunga kwenye chumba kipya. Karani akabisha mara tatu, akaingia. Tangu siku ile, kila tulipohama mlango ulitutangulia. Fremu ikibana, iliyotiwa randa ni fremu, mlango haukuguswa. Yule seremala alinung'unika miaka yote, na kila alipoitwa alikuja.

Kisha tukapelekwa gereji. Lilikuwa banda la kuegeshea malori, upande mmoja hauna ukuta kabisa. Mtu mwenye akili za kawaida angesema mlango hauna kazi hapo. Dada alimwambia seremala autengenezee miguu ya mbao, wakausimamisha katikati ya uwazi ule, peke yake, kulia wazi na kushoto wazi. Na sote tulipita mlangoni. Mimi mwenyewe, siku yangu ya kwanza ya kazi, nilibisha hodi mara tatu nikiwa na sufuria ya uji mkononi, huku waliomo ndani wakiniona kuanzia kichwani hadi miguuni.

Humo ndimo alimotukuta afisa mmoja mkubwa aliyekuja kukagua majengo ya idara. Alipita pembeni ya mlango, kama ambavyo angepita yeyote, akaanza kusalimu watu. Karani hakuinua uso kutoka kwenye daftari. Alimwambia tu, "Bado hujaingia." Afisa aliutazama mlango, akamtazama Dada, na Dada, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi bila kukubali kosa, akamweleza kwamba mlango uko pale. Mzee wa watu alitoka nje, akajifuta viatu, akabisha mara tatu, akaingia kwa heshima zote. Karani aliandika dakika. Afisa aliketi na kuuliza kikundi kinahitaji nini, akitarajia kusikia habari za viti au vitabu. Dada alimjibu kwamba wanahitaji mahali ambapo hakuna mtu atakayewahamisha.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Kwa miaka miwili Dada alikwenda kukaa kwenye benchi la mapokezi ya afisa yule kila Jumanne baada ya kazi, funguo zake zimelala kimya mapajani, mpaka katibu muhtasi akawa anamwekea chai bila kuulizwa. Barua ya kiwanja ilipotoka aliisoma mara moja, akamrudishia katibu muhtasi, akamwomba aitafute humo kauli ya "kwa muda". Haikuwemo. Inasemekana alilia palepale. Mwenyewe hukana, lakini katibu muhtasi yupo hapa leo, muulizeni.

Msanifu wa jengo alichora mlango wa vioo unaojifungua wenyewe, na kengele ya umeme. Dada hakubishana naye. Alikuja kwenye kikao na watu tisa wa kikundi akawaacha waseme, au waoneshe kwa mikono, au watoke nje walipochoka. Ndiyo maana taa zetu hazivumi. Chumba cha utulivu kina njia mbili za kutokea, ili asiwepo mtu wa kujihisi amezibiwa njia. Bembea yetu inabeba mtu mzima mwenye kilo tisini. Na kituo hakikufungiwa watu wa aina moja: akina mama wa mtaani huja kushona, wastaafu huja kucheza drafti, wanafunzi huja kusoma, wote kwa mlango mmoja. Mlango wenyewe mnaujua. Safari hii seremala alitengeneza fremu ya kipimo chake, akasema sasa anaweza kufa. Hakufa, yuko mstari wa pili kushoto.

Sasa nifike kwenye kosa, maana wasifu usio na kosa ni wa mtu wa kubuni. Jioni ya kuamkia ufunguzi, furaha ilimzidi Dada. Alinunua rangi mpya, ya kijani ileile kwa macho yake, akaupaka mlango mpaka ukang'aa. Asubuhi palikuwa na maturubai, utepe, na mgeni rasmi mwenye mkasi. Karani alifika, akautazama mlango, akaunusa, akaketi ukingoni mwa barabara na kufunika daftari. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, nao wakasimama. Kituo kilichosubiriwa miaka kumi na minne kilikuwa wazi, na wenyewe wako nje.

Mtu mwingine angetafuta wa kumtupia lawama. Dada alikwenda mbele ya wageni wote, akasema kwamba kosa ni lake, kwamba amewabadilishia watu kitu walichokiamini na hakuwauliza. Hotuba zilisomewa barabarani. Utepe haujakatwa hadi leo, nimefungia pazia la jikoni. Kwa siku kumi na moja Dada alikaa chini mbele ya mlango ule na kisu cha kukwangulia rangi, taratibu, mpaka kijani cha zamani kikatokea na mkwaruzo wa zamani wa kando ya kitasa ukaonekana tena. Daftari la Karani lina kurasa kumi na moja tupu za siku hizo. Siku ya kumi na mbili alibisha mara tatu, akaingia, akaandika: "Mlango umerudi." Ni miaka kumi na mitatu sasa, na hatujahama.

Mwaka jana, barua ya kustaafu ilipokaribia, hofu ilikuwa moja tu, na tuliijua sote bila kuisema. Dada alikuwa mstari wa kwanza wa kila ukurasa kwa miaka ishirini na saba. Safari hii hakutaka kumshtukiza mtu. Akaanza kufanya mazoezi ya kutokuwepo. Siku ya kwanza alibaki nyumbani makusudi, akanipa mimi funguo. Nilifungua. Karani aliacha mstari wa kwanza wazi, na kwa kuwa wa kwanza hayupo, wa pili hakuweza kuwepo. Tulisimama nje, watu ishirini na sita, mpaka Dada alipoitwa akaja mbio na kanga begani. Mwezi uliofuata, vilevile. Nilimwona siku hiyo ameketi jikoni kwangu, ameshika kile kikombe cha kijana aliyekuwa akiimba, na nikajua anachokiwaza.

Alichofanya baadaye ni kumweleza Karani jambo ambalo sisi wote hatukulifikiria: kwamba mstari wa kwanza haukuwa wa Dada. Ni wa anayefungua. Alimwonesha ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari la kwanza kabisa, akamkumbusha kwamba aliandikwa pale kwa kuwa ndiye aliyefungua. Karani alikaa nao wiki tatu. Kisha Jumatatu iliyopita alikuja peke yake kutoka nyumbani, kwa miguu, akanyoosha mkono kwangu, nikampa ufunguo wenye uzi wa kijani. Akabisha hodi mara tatu kwenye jengo lisilo na mtu, akafungua, akaketi kitini pake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kujiandika. Mstari wa kwanza aliandika: "Mimi." Akainua uso na kutuambia tuingie.

Dada alikuwa amejificha nyuma ya gari la mikate ng'ambo ya barabara, akitazama. Yeye atakana. Mwuza mikate yupo hapa leo.

Dada Funguo, kwa niaba ya wafanyakazi, wanachama, ndugu na majirani wote wa kituo hiki, asante kwa kila mlango. Tunakutakia maisha mema, yenye afya, na asubuhi za kulala mpaka jua likuchome. Ukitukumbuka, njoo siku yoyote. Karani amekwisha kupiga mistari ya ukurasa wa Jumatatu ijayo, na mstari wa pili ameujaza mapema, kwa penseli: "Dada." Dakika ameiacha wazi, na amesema usisahau kubisha.