Shamba Lenye Jina la Siméon

Kwenye lori la kwenda Kasekese, Minza alimweleza mama muuza dagaa aliyeketi naye: "Shamba alinipa baba. Wakati wa kuliandikisha kijijini, nikataja jina la mume wangu Siméon, mkimbizi. Mke ataandikwaje na mume yupo?"

"Mume mwenyewe mkimbizi, mwanangu! Si serikali italichukua, maana mkimbizi hamiliki ardhi?"

"Ofisini wamesema watalichukua Jumatatu. Wataliacha akiweka dole gumba kwenye fomu hii kukiri kwamba shamba si lake."

"Basi aweke!"

"Miaka tisa analilima, mama. Nimwambie hana kitu?"

Lori likasimama Kabungu, kijijini kwao, Minza akashuka. Siméon alikuwa akingoja, jembe begani. Akampokea kikapu. "Ofisini wamesemaje?"

Minza akaisukuma fomu ndani ya khanga. "Nimekuta wamefunga," alisema.