Ufunguo wa Nati za Kufuli

Ndani ya basi, fundi magari mstaafu aliketi na mama mwenye chupa ya chai. Mama akamweleza kwamba gari lao lina pancha, gurudumu lina nati za kufuli, zile zisizofunguka bila ufunguo wake maalumu, na ufunguo huo mumewe aliuficha kabla ya kupooza.

“Gongelea soketi ya spana inayobana juu ya nati, uzungushe, itatoka,” fundi akasema. “Mimi niliwahi kuitoa kwa meno.” Meno yenyewe yalibaki matatu.

Mama hakucheka. “Aliniambia nati hizo kaziweka kuzuia wezi, mzee. Kumbe mwizi ni mimi. Nikimuuliza ufunguo uko wapi, ananitazama tu.”

“Si ulimi umepooza, mama?”

“Kwangu umepooza. Jana alimwambia dada yake afungue dirisha.”

Basi likasimama hospitalini. Mama akashuka na chai ya mumewe.