Miaka Thelathini na Mmoja Nje ya Kikao

Tarehe 30 Juni, Mama Aproni atakabidhi funguo za loji yetu ya Frimasoni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufagia, kung'arisha na kushona. Makatibu wanne wamepita mikononi mwake. Mimi ni wa tano na, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiye mwenye mwandiko mbaya kuliko wote.

Aliajiriwa kufanya usafi tu. Mwaka wa pili aliona aproni tunazovaa kikaoni zimeshonwa ovyoovyo, akaleta cherehani yake kutoka nyumbani bila kumwomba mtu ruhusa. Tangu hapo kila ndugu aliyejiunga nasi amevaa aproni nyeupe ya ngozi ya kondoo iliyopita chini ya sindano yake. Vipimo hachukui kwa futi. Anakutazama kiunoni mara moja, basi. Mwaka jana aliniongezea mkanda inchi tatu bila kuniambia, Mungu amlipe kwa kunisitiri.

Mtaani maneno hayakuisha. Walimuuliza kama ni kweli sisi Frimasoni tunafuga nyoka na kunywa damu. Akawajibu kwamba miaka yote hiyo, chini ya viti vyetu ameokota miwani, meno ya bandia na maganda ya karanga. Wapo ambao hawajaamini mpaka leo, na rafiki yake mmoja wa kanisani aliacha kukaa naye benchi moja. Hilo lilimuuma sana, ila kazi hakuacha.

Hakuiacha kwa sababu ya mumewe. Mzee yule, fundi saa, alikuwa ndugu yetu. Kila Alhamisi alasiri mkewe alimngojea ukumbini mpaka kikao kiishe, warudi nyumbani pamoja, na njiani alimuuliza walikuwa wakifanya nini humo. Mume alikuwa amefungwa na kiapo. Alimwambia tu kwamba waliomba, na kwamba jiwe linalochongwa mle ndani ni moyo wa mtu. Zaidi ya hapo alinyamaza. Walikuwa watu wa kuambiana kila kitu, hadi ndoto, lakini hapo palikuwa na mlango. Mzee alifariki mkewe akiwa na miaka tisa kazini. Kwa desturi yetu tulimzika na aproni yake, na aliyeikunja na kumwekea kifuani ni Mama Aproni mwenyewe.

Miaka ishirini na miwili ameishi na hamu ya kujua kilichokuwa nyuma ya mlango huo. Siri zetu alisema tubaki nazo, hazimsaidii kitu. Alichokitaka ni mumewe, kile kipande chake ambacho hakuwahi kukijua.

Mwezi uliopita tulimuuliza angependa zawadi gani, ingawa tulikuwa tumeshakubaliana kununua cherehani mpya. Alinitazama kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nionyeshe alipokuwa anapiga magoti."

Kiapo kinakataza mengi, lakini zulia la kupigia magoti hakijalitaja. Nilimpeleka mbele ya madhabahu, wenzangu wakitufuata, nikamwonyesha. Alicheka, machozi yakimlengalenga, maana mahali hapo amepafagia mara zisizohesabika. Akavua viatu, akapiga magoti, akatuomba tumpishe. Tukatoka wote, wazee wazima na vyeo vyetu, tukafunga mlango na kusimama ukumbini kama watu waliokuja kuomba kazi. Tulitega masikio. Hatukusikia kitu.

Alikaa humo karibu saa nzima. Alipotoka, mkuu wetu wa loji alishindwa kuvumilia, akamuuliza kwa adabu amepata nini. Mama Aproni alimshika mkono, akamshukuru, akachukua mkoba wake na kwenda zake. Hajatuambia mpaka leo, na kusema kweli tunatamani sana kujua.

Asante, mama, kwa kila mshono na kwa uvumilivu wako kwetu. Nenda kwa amani, na afya njema iwe nawe siku zote.