Kaka Yetu Fyuzi, Aliyewatoa Ndugu Jikoni

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni dada mdogo wa marehemu, familia imeniteua niwasomee maisha yake, nanyi mnivumilie nikikwama njiani.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Fyuzi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba yetu seremala na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, na tangu hapo hakuna redio wala tochi iliyosalimika, alizifungua zote, nyingine zikarudi kuimba, nyingine zikabakiza skrubu ambazo yeye alidai hazikuwa na kazi. Mwaka 1976 alihitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa gereji kama fundi umeme wa magari, na bado namwona akirudi jioni na ovaroli iliyotobolewa na tindikali, akipiga mluzi tangu kona ya duka la mkaa, na mama akiusikia anaweka maji ya kuoga. Siku zile zilikuwa tamu, nazikumbuka sana.

Tarehe 9 Agosti 1983 betri aliyokuwa akiichaji ilimlipukia usoni, na pamoja na jitihada zote za madaktari hakuona tena. Siku ya kutoka hospitali tulimwandalia nyumba kwa mapenzi makubwa, mjomba akaongoza kazi, tukatoa sebuleni kabati, meza, viti na hata saa ya ukutani, ili asijikwae. Kaka akaingia, akanyoosha mikono, hakugusa kitu, akazunguka, akapotea ndani ya chumba alichokulia, akakaa sakafuni akalia, nasi tukalia naye bila kujua tumekosea wapi, mpaka alipotueleza kwamba meza ndiyo ingemwonyesha mlango ulipo. Viti vilirudi jioni ileile, mjomba akilalamikia mgongo.

Mapenzi yetu hayakuishia hapo. Mama alimkatia chakula, alimfungia kamba za viatu, alificha viberiti, hata salamu alimjibia, na kaka akawa mkimya, tukadhani ametulia, kumbe alikuwa anakata tamaa. Mwaka 1985, mama akiwa hataki hata kusikia, kaka alikwenda chuo cha wasioona, akajifunza kusoma kwa vidole, kutembea kwa fimbo nyeupe na kupika, na aliporudi alimwomba mama kwa heshima zote atoke jikoni, akapika viazi vikaungua, akavila vyote huku akivisifia.

Mwaka 1987 aliajiriwa hospitali kuu kama opereta wa simu, na huko daktari wa macho akaanza kumpelekea wagonjwa ambao wasingeona tena. Siku zake za mapumziko aliwafuata majumbani, na neno lake la kwanza lilikuwa kwa ndugu, kwamba warudishe viti, watoke jikoni, wamwache mtu wao amwage. Wengi walimwona ana roho ngumu, mama mmoja alimtimua kwa mwiko, na mwanawe yule leo ni mwalimu, amekaa hapa mbele yetu.

Tarehe 2 Disemba 1989 alifunga ndoa na wifi yangu, dobi wa hospitali hiyohiyo, ambaye kaka alisema alimpendea sauti, ingawa wifi hutukumbusha kwamba sauti yenyewe ilikuwa ya kuwagombeza wabeba mashuka. Walijaliwa mabinti wawili, waliokua wakijua kwamba kiatu kilichoachwa koridoni ni kesi.

Alistaafu mwaka 2018, akaendelea na watu wake hadi figo zilipomlemea mwaka jana. Wiki za mwisho, akiwa nyumbani, niliweka bakuli la supu karibu na mkono wake, nikarudi nyuma kama alivyotuzoesha, nikasubiri. Akaniita, akasema nimlishe mimi, leo nimeruhusiwa. Nililisubiri neno hilo miaka arobaini, na nilipolisikia nilitamani asingelisema. Alitutoka Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa chumba cha simu, na wote aliowahi kuwatembelea.

Pumzika sasa kwa amani, kaka, sisi tutajifunza kutembea bila wewe.