Kona Iliyobaki Digoma

Marehemu Bonifasi Stephano Banzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kitongoji cha Digoma, juu ya Mkuyuni, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Stephano Banzi na marehemu Bi. Tekla Mloka. Wa kwanza ni Filomena, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea. Ameombwa awe mfupi. Atajitahidi, ila hatamwongezea mdogo wake chumvi wala hatampunguzia.

Alisoma Shule ya Msingi Mkuyuni kuanzia 1974 hadi 1980, akishuka mlima asubuhi na kuupanda mchana. Lakini somo alilolishika sawasawa alilipata nyumbani. Digoma hakukuwa na tambarare hata ya kuanikia mahindi, hivyo watoto walichezea mpira ubavuni mwa mlima, na sheria ilikuwa moja: anayeutoa ndiye anayeufuata bondeni. Kwenda na kurudi ni nusu saa, wenzako wamekaa wanakusema. Bonifasi, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote, alipangwa upande wa bondeni. Huko ndiko alikojifunza kukimbia na mpira juu ya mstari bila kuuachia.

Mwaka 1986 alisajiliwa na Mlima Rangers ya Morogoro mjini, winga wa kulia. Mechi yake ya kwanza ya ugenini ilichezwa Turiani, kwenye uwanja uliopakana na majaruba ya mpunga. Dakika ya kumi mpira ukamgonga, ukatoka. Bonifasi, bila kumuuliza mtu, akatoka mbio akaingia jarubani kuufuata, kama alivyolelewa. Aliporudi na tope hadi magotini, mwamuzi alikuwa anamsubiri na kadi ya njano kwa kutoka bila ruhusa. Uwanja mzima ulicheka. Ambaye hakucheka ni binti mmoja aliyemfuata hadi mstarini na kumwambia, "Kaka, mpunga ulioukanyaga una mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata alipanda basi peke yake hadi Turiani, akaomba miche, akapandikiza upya kila shina alilolivunja. Yule binti ni Rahel. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Oktoba 1991, wakajaliwa watoto watatu.

Alicheza misimu minane. Hakuwahi kuitwa timu ya taifa, na wanaosema aliitwa wanamtania. Ila beki yeyote aliyewahi kumkaba atawaambia kwamba ukidhani mpira umetoka, ndipo krosi inapopigwa. Mwaka 1994 goti la kulia liliumia na mpira ukaishia hapo. Alinuna mwaka mzima. Tuliokaa naye tunajua. Kisha Bwana Vinod akamwajiri kutunza stoo ya duka lake la vifaa vya ujenzi mjini, akaitunza miaka ishirini. Alipostaafu mwaka 2015 aliulizwa apewe zawadi gani. Wengine huomba redio. Yeye aliomba toroli.

Alirudi Digoma akakuta watoto bado wanashuka bondeni kuufuata mpira. Jambo hilo lilimkera kuliko goti. Akaomba ardhi kwa mjomba Godfrey, msimamizi wa mashamba ya ukoo wa mama, akitaka kuchonga uwanja. Mjomba akakataa mara mbili: wazee wao waligombana na mkoloni aliyewalazimisha kuchonga matuta mlimani, leo mtoto wa ukoo auchonge mlima kwa ajili ya mpira? Mara ya tatu akampa kipande kilichoyashinda hata maharage. Bonifasi akawa anachimba upande wa juu, anajaza upande wa chini, na kuzuia udongo kwa ukuta wa mawe. Mvua za 2018 zikaubomoa ukuta wote. Siku ya tatu akauanza upya, na aliyekuja kumbebea mawe alikuwa mjomba Godfrey.

Februari 2024 alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Alilazwa wiki sita. Alipotoka akaanza kushika jembe kwa mkono wa kushoto, na Filomena akamgombeza mpaka sauti ikamkauka. Bonifasi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, kona ya uwanja upande wa bondeni ikibaki bila ukuta, mpira utaendelea kushuka, na mimi sitakuwepo kuufuata."

Kiharusi cha pili kilimkuta nyumbani, na tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akafariki dunia. Kona ile ilikuwa imebaki hatua kumi na mbili kukamilika.

Marehemu ameacha mjane, Rahel, watoto watatu, Oscar, Josephina na Tekla, wajukuu watano, mjomba mmoja, na dada mmoja anayeumia kuliko anavyoonyesha. Kwa Bwana Vinod, aliyepanda mlima huu leo kwa miguu, na kwenu nyote, familia inasema asanteni.

Jambo la mwisho. Mmekuja na majembe kwa ajili ya kaburi. Likishafukiwa, familia inaomba majembe yasirudi nyumbani. Kona iko pale chini, mnaiona, na mjomba Godfrey ameshachukua toroli.

Bonifasi apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika kona ikiisha.