Mabua ya Fundi Cherehani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya banda la Fundi Cherehani. Ukikaa pembeni bila kuangalia, mwenzako akiinuka unajikuta chini. Asubuhi hiyo wenyewe walikuwa wametimia na kahawa imeshamiminwa, ila Fundi hakuwa na raha. Kwa misimu mitatu amepanda mahindi kwenye shamba la mkewe bila kulima, na mabua ya mavuno ameyaacha yalale juu ya udongo, kwa ushauri wa bibi shamba, yule afisa kilimo. Leo bibi shamba analeta majibu ya vipimo vya udongo. Mkewe alishakata neno: udongo usipoonyesha faida, kesho Shemeji anaingiza trekta. Na Shemeji, kaka wa mkewe, amekaa hapo hapo benchini anapuliza kahawa yake.

— Fundi, alianza Shemeji, nimepita shambani kwako. Nikadhani kuna shughuli, watu wametandika mikeka.

— Cheka tu. Yale mabua yanaoza, kaboni yake inaingia kwenye udongo. Ukilima unaufungulia hewa, kaboni inapeperuka.

— Kaboni ndiyo nini? aliuliza Redio, mshona viatu, ambaye huanza kwa kuuliza na kumaliza kwa kufundisha.

— Ile nyeusi ya kwenye mkaa.

— Si umwage gunia la mkaa basi, yaishe?

— Nyie hamjui, alidakia Profesa, mlinzi wa ghala, aliyepata jina kwa kusoma magazeti ya kufungia sabuni. Kaboni ina uzito. Ikizidi, shamba linatitia. Lile la Fundi jana nimeliona liko chini ya barabara.

— Barabara ndiyo imepanda, Profesa, alijibu Fundi. Juzi wamemwaga kifusi.

— Na walimwaga kwa nini? Jiulizeni.

— Mimi nasikia ikishajaa wanaichomekea bomba, alisema Redio. Miaka kumi tu, Fundi anauza gesi, sisi anatusalimia kwa honi.

— Gesi gani, wakati panya wamejenga mtaa mle ndani? Dada yangu anaulizwa sokoni kama mumewe anaumwa.

Hilo lilimchoma Fundi. Yeye halali akiacha kipande cha uzi sakafuni, leo anaonekana mchafu mbele ya mji mzima.

Bibi shamba akashuka kwenye pikipiki na karatasi zake. Redio alimsogezea nafasi; akakataa, benchi lile analijua.

— Fundi, majibu yako yananichanganya. Katikati ya shamba, pale juu juu, kaboni imeanza kupanda. Kidogo, maana kazi hii ni ya miaka, lakini imepanda. Upande wa barabarani hakuna kitu. Uko sawasawa na shamba la Shemeji, linalolimwa kila mwaka.

— Si nilisema? Trekta kesho.

— Mwenye shamba ndiye atasema, na ameniambia anataka kuelewa kwanza. Shamba moja, mbegu moja. Ila kule barabarani mabua hayapo, na chini nimekuta alama za ufagio. Nani anafagia shamba?

Wote walitazamana. Mtu gani mwenye akili timamu anafagia shamba?

Fundi alimjua. Misimu mitatu, kila Jumamosi alfajiri, amekuwa akiyafagia mabua hatua kumi kutoka barabarani, ili wapita njia wasimcheke mkewe. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akinyamaza, trekta linaingia. Akisema, ataitwa jina jipya mpaka siku ya kuzikwa.

— Mimi, alisema. Ni mimi.

Hakuna aliyecheka. Shemeji akaweka kikombe chini.

— Kesho sileti trekta, shemeji yangu. Nakuja kukunyang'anya huo ufagio.