Kunegunda Mbano na Turbo ya Msamala

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mama Kunegunda Mbano wa Ruhuwiko, dereva wa lori, aliyefariki Jumanne kwa homa ya mapafu. Kunegunda Mbano, dereva wa lori. Tangu azikwe, watu wanapita wakisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na dharau, na wengi wa aliowadharau walijitafutia wenyewe.

Mumewe, marehemu Osmund, alimfundisha kuendesha, kisha akafa akamwachia lori bovu. Miaka ya tisini ilipoanza, biashara zikaachiwa huru, magari ya mitumba yakamiminika mpaka huku kwetu Songea. Pale Msamala, Chande akafungua yadi. Huyu Chande alikuwa muuza vitenge. Ghafla akawa mtaalamu wa injini. Alibandika michirizi myekundu kwenye milango ya malori, na kutwa nzima alikuwa na neno moja mdomoni: turbo.

"Mama, teknolojia hii imetoka kwenye magari ya mashindano," alimwambia Kunegunda. "Wewe kanyaga tu."

"Kwenye mashindano wanabeba mahindi?"

Chande akacheka.

"Sijakuuliza ili ucheke. Hii turbo inataka nini?"

"Inataka dereva mwanamume."

Kunegunda alilinunua lori, kwa sababu lilikuwa zuri na kosa la muuzaji si kosa la gari. Halafu akachukua kisu, akaibandua ile michirizi mbele ya wateja, akaidondosha miguuni pa Chande.

Kutoka hapo alikwenda kwa mzee Hironimus, fundi aliyewahi kutengeneza magari ya mbio Dar es Salaam. Akamwamkia, akakaa, akasikiliza. Mzee akamweleza kwamba turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inasukuma hewa ndani ili injini ndogo ipate nguvu kubwa.

"Feni ni ileile, mwanangu. Kule inatafuta mbio, huku inatafuta nguvu ya kupanda mlima. Lakini inawaka moto. Ukifika, usizime papo hapo. Iache ingurume taratibu, oili iipoze. Na oili yenyewe usiifanyie ubahili. Madereva wa mbio wanalijua hilo. Hawa wa kwetu wameletewa chuma bila adabu yake."

Basi Kunegunda akawa kila akifika stendi anabaki ndani ya lori, injini ikinguruma. Madereva walikufa kwa kicheko. Thadei, aliyekuwa akiendesha lori la Chande mwenyewe, ndiye aliyeongoza.

"Mama Mbano anamalizia rozari," alisema.

Kunegunda alimtazama kama mtu anavyotazama tope kwenye kiatu.

Masika moja, Thadei alipakia mahindi ya wakulima wa Mpitimbi kwenda Makambako. Chande alipanda naye. Kwenye mlima Lukumburu, turbo ikafa. Moshi mweusi, nguvu hakuna, lori likasimama. Turubai lilikuwa limechanika na mvua inakuja. Mahindi yale yalikuwa jasho la mwaka mzima la watu ambao hawakuwapo pale kujitetea.

Kunegunda alikuwa akirudi na lori tupu. Akasimama, akashuka.

"Mama, tusaidie," alisema Thadei.

"Siwasaidii ninyi. Mahindi hayajanikosea."

Akasogeza lori lake nyuma mpaka matako ya malori yakagusana. Chande alikuwa amejikunyata pembeni, analinda shati lake jeupe.

"Bosi," Kunegunda akamwita, "mashindano yameanza. Beba."

Chande akabeba. Gunia baada ya gunia, matope mpaka magotini, wakati Kunegunda amekaa ukingoni mwa barabara akila muhogo. Kunegunda akageuza lori, na mahindi yakafika Makambako makavu.

Baadaye Thadei alikwenda Ruhuwiko kuomba afundishwe kuitunza turbo. Kunegunda alimwambia akamuulize Chande, akafunga mlango. Nilimuuliza bintiye, Noela, kuhusu siku ile. "Mama alikosea," alisema. "Thadei alikuja kwa unyenyekevu. Dharau ya mama ilitulinda, lakini ilitupunguzia wageni." Thadei alijifunza kwa mzee Hironimus, na Jumatano alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Chande naye alifika. Matanga hayajaanuliwa, akamvuta Noela pembeni. Akasema lori lile ni mzigo kwa msichana, yeye atalichukua.

"Aliyekufa ni mama," Noela akamjibu. "Mimi ninapakia mahindi kesho."

Na alipakia.

Noela, na ukoo wote wa Mbano, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yenu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjamwita marehemu mpole, jiulizeni mlimwitaje alipokuwa akipita stendi.